Batobato ya nyanya inayokuja na mbegu: mwongozo kamili, kuanzia tunda la mbegu hadi mche shambani

Kila msimu wa kusia mbegu ukifika, maswali ni yale yale. Mkulima amekamua mbegu zake mwenyewe za Tengeru 97, Tanya au Cal J. Amezitumbukiza kwenye maji ya moto kama alivyofundishwa, wengine wakaongeza na dawa ya ukungu. Wiki ya tatu kitaluni majani yanatoka na mabaka, kijani kilichokolea kimechanganyika na kijani cha njano. Anang'oa, anapiga dawa ya wadudu, anapandikiza iliyobaki, na mwezi mmoja baadaye nusu ya shamba iko hivyo hivyo.

Sababu ni mbili. Ya kwanza, maji ya moto ya nyuzi 50 huua bakteria, na dawa ya ukungu huua ukungu. Virusi vya batobato havidhuriki na chochote kati ya hivyo. Ya pili, hata mbegu zikisafishwa vizuri, huenda chache zikabaki na virusi, kisha mikono ya wapandaji ndiyo inayovisambaza shamba zima. Basi kazi yetu ina sehemu mbili: kutoa virusi kwenye ganda la mbegu, na kuizuia mikono isieneze vile vilivyobaki. Ukifanya moja ukaacha nyingine, utarudi pale pale.

## Vifaa, na kosa moja la dukani

Andaa hivi kabla hujakata tunda hata moja:

- Trisodiamu fosfeti, gramu 100 kwa kila lita ya dawa utakayotengeneza
- Mizani ndogo inayopima gramu
- Jiki ya kawaida ya kufulia isiyo na manukato, ambayo haijakaa muda mrefu dukani (nyingi huandikwa asilimia 3.5)
- Maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, gramu 200 kwa lita
- Ndoo na mabeseni ya plastiki, chujio la plastiki, kijiko cha mti au cha plastiki
- Glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, saa
- Kipande cha chandarua au wavu laini wa kuanikia
- Bahasha za karatasi, chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, kalamu isiyofutika

Sasa kuhusu trisodiamu fosfeti. Kwa kifupi huandikwa TSP, na hapo ndipo wengi wanapotea. Ukienda duka la pembejeo ukaomba TSP utapewa mbolea ya kupandia, ile ya chembechembe za kijivu. Hiyo ni kitu kingine kabisa. Ukiloweka mbegu humo virusi havitoki, na unaweza kuua mbegu zako. Unachotafuta ni chumvi nyeupe ya kusafishia inayouzwa kwenye maduka ya kemikali za viwandani na maabara. Taja jina lake lote, na hakikisha kwenye mfuko imeandikwa Na3PO4. Kama muuzaji hana uhakika, usinunue.

Sufuria za alumini hazifai, kwa sababu dawa hii huzila. Pia inaunguza ngozi na macho, kwa hiyo glavu na miwani si mapambo. Watoto wakae mbali mpaka umalize na kumwaga.

## Hatua ya 1: Hakikisha ugonjwa wenyewe ni wa mbegu

Nimeliweka hili mwanzoni kwa sababu nimeona watu wakihangaika kusafisha mbegu ili kuzuia ugonjwa usiotoka kwenye mbegu.

Rasta. Majani ya juu yanakunjamana kwenda juu kama kikombe, kingo zinakuwa njano, mche unadumaa na maua yanapukutika. Huu unaletwa na inzi weupe. Kusafisha mbegu hakutausaidia. Dawa yake ni chandarua cha kitalu, kudhibiti inzi weupe, na kupanda aina zinazostahimili.

Batobato. Majani yana mabaka ya kijani kilichokolea na kijani hafifu, mara nyingine uso wa jani unafura kidogo kwenye yale mabaka ya kijani. Kukiwa na baridi na mawingu, majani huwa membamba. Matunda huiva kwa mabaka, na ukiyakata huenda ukakuta kahawia kwa ndani, chini ya ngozi. Virusi vya batobato ya nyanya huandikwa ToMV, na ndugu yake wa tumbaku TMV. Hawa ndio wanaosafiri na mbegu.

Mabaka magumu ya kahawia kwenye tunda. Kuna ndugu wa tatu, anayeandikwa ToBRFV. Alionekana kwa mara ya kwanza Israeli mwaka 2014, mwaka uliofuata akaonekana Jordan, kisha akasambaa Ulaya, Meksiko na kwingineko, biashara ya mbegu na miche ikimbeba. Matunda yanapata madoa ya njano na mabaka ya kahawia yenye mikwaruzo, vikonyo na vikole vya tunda vinakauka. Ubaya wake ni kwamba anaivunja kinga iitwayo Tm-2², ambayo kwa miongo mingi ndiyo iliyozilinda aina nyingi za nyanya za kisasa. Ukiona dalili hizi kwenye aina ambayo pakiti yake imeandikwa kwamba inastahimili ToMV, usihamishe tunda wala mche. Mwite afisa ugani. Kwa Tanzania taarifa iende TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kwa Kenya iende KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea.

Sumu ya magugu. Majani yaliyosokotwa na kuwa membamba ghafla shamba zima, hasa upande unakotoka upepo, mara nyingi ni dawa ya magugu iliyopeperushwa au bomba la dawa ambalo halikuoshwa. Majani mapya yakitoka mazuri baadaye, hakikuwa kirusi.

Kama bado una shaka, chuma majani machanga ya mimea mitatu au minne yenye dalili, yafunge kwenye karatasi kavu, uyapeleke maabara. Vipo pia vipande vya kupimia papo hapo vinavyofanana na vya malaria. Vinaweza kukuambia kwamba ni kundi la batobato, lakini vingi haviwezi kutofautisha ndugu hawa watatu.

## Hatua ya 2: Chagua mama wa mbegu mapema

Mama wa mbegu huchaguliwa shambani wakati mimea bado inakua, siyo sokoni wala kwenye mabaki ya mavuno. Pita shambani kabla ya mchumo wa kwanza, asubuhi jua halijawa kali, kwa sababu mabaka ya batobato huonekana vizuri mwanga ukiwa laini. Funga kitambaa chekundu kwenye mimea isiyo na doa lolote, na ambayo majirani zake wa pande zote nao hawana doa. Mmea mzuri uliozungukwa na wagonjwa usiuchague. Mikono imeshapita hapo.

Chukua mimea kumi au zaidi ukiweza, badala ya mmoja mzuri sana. Rudi uikague tena wiki mbili baadaye, na utakaoanza kuonyesha mabaka ufungue kitambaa chake.

Siku ya kuchuma matunda ya mbegu, iwe ndiyo kazi ya kwanza ya siku hiyo, kabla hujagusa sehemu nyingine ya shamba.

Mambo mawili kuhusu aina. Mbegu za chotara, zile zilizoandikwa F1, hazifai kukamuliwa: watoto hawatafanana na mama, na ukinzani uliolipia unaweza kupotea kwa baadhi yao. Na mbegu za pakiti zilizopakwa rangi nyekundu, bluu au kijani zimeshatibiwa kiwandani. Usizioshe tena. Kwa hizo anzia Hatua ya 7.

Kama unanunua, tafuta pakiti iliyofungwa yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya Tanzania ya kuthibitisha ubora wa mbegu, au, kwa Kenya, ya KEPHIS, na uangalie kama imeandikwa ToMV au Tm kwenye orodha ya magonjwa inayostahimili. Mbegu za kupimiwa kwenye kijiko kutoka kopo lililo wazi, hata ziwe rahisi kiasi gani, ziache.

## Hatua ya 3: Kamua na uchachushe

Tumia matunda yaliyoiva kabisa, mekundu hadi kwenye kikonyo. Yaoshe kwa sabuni, yasuuze, yakate katikati kwa upana na ukamue mbegu na utomvu wake kwenye beseni. Usiongeze maji, kwani maji hupunguza uchachu na kuzichochea mbegu kuota.

Funika kwa kitambaa, weka kivulini, koroga mara mbili kwa siku. Kwenye joto la Morogoro au pwani, siku moja inatosha, mbili zikizidi sana. Lushoto au Njombe wakati wa baridi inaweza kufika siku tatu.

Kwa nini kuchachusha? Mbegu ya nyanya imevikwa ute, na virusi vingi vimekaa kwenye ute huo na kwenye mabaki ya nyama ya tunda. Ute ukiachia, dawa itafika kwenye ganda. Lakini tusidanganyane: uchachu wenyewe hauui virusi vya batobato. Anayeishia hapa amesafisha nusu.

Utajua imekuwa tayari ukisugua mbegu kati ya vidole na kuikuta ina manyoya mafupi, haitelezi. Hapo ongeza maji mengi, koroga, subiri mbegu nzito zizame, mwaga maganda na mbegu zinazoelea. Rudia mpaka maji yawe meupe. Ukiona vincha vyeupe vya mizizi vimechungulia, umechelewa. Mbegu hizo hazitahifadhika.

## Hatua ya 4: Osha kwa trisodiamu fosfeti

Hii ndiyo hatua inayoamua, kwa hiyo isifanywe kwa haraka.

1. Vaa glavu na miwani. Pima gramu 100 za chumvi, weka kwenye maji kiasi, koroga mpaka iyeyuke, kisha ongeza maji yafike lita moja. Tengeneza siku hiyo hiyo.

2. Mimina mbegu zilizokwisha kuoshwa. Zipate nafasi ya kuogelea. Zikijaa kama uji, za katikati hazitaguswa. Kwa lita moja, ujazo wa kikombe kidogo cha kahawa unatosha.

3. Koroga mfululizo kwa dakika za mwanzo, kisha kila baada ya dakika chache.

4. Muda. Kwa batobato ya kawaida maelekezo mengi yanataja dakika 15 kuwa kiwango cha chini. Kwa ToBRFV, majaribio ya mbegu zilizotoka kwenye matunda yenye ugonjwa yalionyesha kwamba saa 3 kwenye dawa ya asilimia 10 hiyo hiyo ziliondoa uwezo wa virusi kuambukiza, na mbegu ziliendelea kuota vizuri. Ushauri wangu: kama shamba lako au la jirani liliwahi kuwa na batobato, nenda saa 3, lakini jaribu kwanza kwa mbegu 50 na uzifanyie kipimo cha Hatua ya 6 kabla ya kuloweka zote.

5. Mimina kwenye chujio *safi*. Si lile ulilotumia kuoshea utomvu. Nalisisitiza hili kwa sababu ni rahisi kulisahau: kila chombo kilichogusa mbegu kabla ya dawa ni kichafu, na kikizigusa tena kitazirudishia ulichokwisha kutoa.

6. Suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 10. Kama huna bomba, badilisha maji ya ndoo mara tano au sita, ukikoroga kila mara. Dawa ikibaki itaunguza kichipukizi.

Maji ya dawa usiyamwage mtaroni, kwenye bwawa la samaki wala karibu na kisima. Chimba shimo mbali na chanzo cha maji, mwaga humo, fukia.

### Kama trisodiamu fosfeti haipatikani

Tumia jiki, kwa mbegu utakazosia ndani ya siku chache tu. Changanya vikombe 3 vya jiki ya asilimia 3.5 na kikombe 1 cha maji. Loweka dakika 30 ukikoroga, suuza kwenye maji yanayotiririka mpaka harufu iishe kabisa. Jiki hulainisha ganda, ndiyo maana mbegu hizi zisihifadhiwe kwa muda mrefu. Na hapa pia jaribu mbegu 50 kwanza.

Onyo: jiki isichanganywe kamwe na siki, maji ya ndimu, asidi ya betri wala dawa nyingine ya kusafishia. Hutoa hewa inayoweza kukuua kwenye chumba kisicho na madirisha.

### Nini hakitasaidia

Maji ya moto ya nyuzi 50 kwa dakika 25 ni mazuri dhidi ya bakteria wa kansa na madoa ya nyanya. Kwa utomvu wenye virusi vya batobato unahitaji joto la karibu nyuzi 90, na mbegu haiwezi kulihimili. Kampuni za mbegu hutumia joto kavu la nyuzi 70 kwa siku kadhaa, lakini mbegu zao zimekaushwa kwa kipimo na oveni zao hazipandi wala kushuka. Ukijaribu kwenye oveni ya mikate utaziua. Kuanika kwenye bati la jua kali nako hakufiki huko, kunachosha mbegu bure. Majivu, mwarobaini, vitunguu saumu: huenda vikafukuza wadudu, lakini visiwe sababu ya kuruka hatua hii.

## Hatua ya 5: Kausha na uweke alama

Tandaza mbegu kwenye chandarua kilichofuliwa kwa jiki, tabaka moja, kivulini penye upepo. Kwenye karatasi na vitambaa vya pamba zitanasa. Zigeuze mara kadhaa siku ya kwanza ili zisigandamane. Siku 3 hadi 5 kwa kawaida zinatosha, na wakati wa masika ongeza.

Mbegu iliyokauka hupita kati ya vidole kama mchanga mkavu, na ukiikunja hukatika badala ya kupinda. Ziweke kwenye bahasha ya karatasi, bahasha ndani ya chupa ya kioo, chupa mahali pa baridi na giza. Andika aina, tarehe ya kukamua, dawa uliyotumia na muda wa kuloweka. Mwakani utataka kujua kundi lipi lilitibiwa vipi.

Chupa iliyokuwa na mbegu zisizooshwa isitumike kabla haijaoshwa kwa sabuni na jiki.

## Hatua ya 6: Pima uotaji, na uelewe kipimo hakisemi nini

Hesabu mbegu 50 zilizooshwa na 50 zisizooshwa za kundi moja. Kila kundi liweke kwenye karatasi laini yenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki, mahali penye joto la kawaida la ndani. Hesabu siku ya 5, ya 7 na ya 10. Mbegu 40 au zaidi zikiota, uko vizuri. Zilizooshwa zikiwa nyuma kwa mbali, basi dawa ilikuwa kali, muda ulizidi, au hukusuuza vya kutosha. Ukishahesabu, choma zile zisizooshwa pamoja na karatasi yake, na unawe mikono kwa sabuni.

Kipimo hiki hakikuambii kama virusi vimekwisha. Baadhi ya watu husia mbegu 300 pembeni kwanza ili kuona kama batobato itatokea, na wasipoiona wanaamini mbegu ni safi. Tufanye hesabu. Tuseme mbegu 1 katika kila 500 inatoa mche mgonjwa. Ukisia 300, uwezekano wa kupata hata mche mmoja mgonjwa haufiki nusu. Utaona kitalu cha kijani kizuri, nawe unaelekea shambani na ugonjwa. Sasa chukua ekari moja yenye nafasi ya sentimita 75 kwa 60, karibu miche 9,000. Kwa kiwango hicho hicho, miche 18 hivi itakuwa na virusi. Miche 18 peke yake si hasara. Hasara inaanza pale mtu anapoigusa kisha akagusa mingine.

## Hatua ya 7: Kitalu kipya kweli kweli

Virusi hivi hudumu kwenye mabaki ya mizizi ardhini kwa karibu miaka 2. Kwa hiyo udongo wa kitalu usitoke mahali palipolimwa nyanya, pilipili, hoho, biringanya, nyanya chungu, viazi mviringo au tumbaku ndani ya muda huo. Mnavu na ndulele zilizoota pembeni ya kitalu zing'oe zote, kwani ni jamaa wa nyanya na zinaweza kufuga ugonjwa.

Trei za zamani: sugua kwa sabuni mpaka udongo wote utoke, kisha zamisha kwenye jiki kikombe 1 kwa maji vikombe 5, dakika 15, suuza, anika. Jiki juu ya udongo haifanyi kazi, uchafu unaimaliza nguvu kabla haijafika kwenye virusi.

Matenga ya sokoni yasiingie kitaluni, hata kwa kukalia. Tenga moja huzunguka mashamba mengi kwa msimu, kutoka Ilula hadi Dar es Salaam na kurudi, likiwa na majimaji ya nyanya za kila mtu. Vivyo hivyo nyanya za kununua: usile kachumbari kitaluni ukarudi kazini bila kunawa.

Na tumbaku. Sigara, ugoro na tumbaku ya kutafuna vinaweza kubeba virusi vilivyo hai hata baada ya kukaushwa na kusindikwa. Mvutaji anawe kwa sabuni kabla ya kuingia, na ugoro usichotwe ndani. Mwambie kibarua kwa heshima kabla ya kazi kuanza, ukiwa na sabuni na maji tayari mlangoni. Ukimwambia baadaye, ameshashika miche.

## Hatua ya 8: Siku ya kupandikiza, weka maziwa

Watu hushangaa hapa, lakini inafanya kazi. Protini ya maziwa huvifunika virusi vilivyo mkononi au kwenye kisu na kuvinyima nafasi ya kuingia kwenye kidonda cha mche. Changanya gramu 200 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta na maji yafike lita moja. Yawe maziwa yaliyoondolewa mafuta.

Kila mpandaji awe na chombo chake. Achovye mikono kabla ya kuanza kila trei, na tena kila baada ya miche michache, bila kuifuta. Maziwa yakijaa udongo, mwaga, weka mengine. Jioni yote yamwagwe, kwani yatachacha.

Shika mche kwa bonge lake la udongo au kwa jani, usiubane shina. Mwagilia trei saa chache kabla ili miche itoke bila kuvutwa, maana kila mzizi na kinyweleo kinachokatika ni mlango.

Fanya hivyo hivyo siku za kuondoa machipukizi ya pembeni na kufunga miche kwenye miti. Hizo ndizo siku batobato husafiri zaidi shambani, kwa sababu kila mmea unajeruhiwa na mkono ule ule. Machipukizi yavunje kwa vidole yakiwa madogo badala ya kukata kwa kisu. Ukilazimika kukata, tumia visu viwili: kimoja kikiwa kazini, kingine kimezama kwenye jiki ya 1 kwa 5 kwa dakika moja au zaidi. Badilisha jiki hiyo asubuhi na mchana, jua na utomvu huimaliza haraka.

Anza kazi kwenye shamba changa, malizia kwenye shamba kongwe, siku zote. Nguo za kazi zifuliwe kwa sabuni kabla hazijavaliwa shamba jingine.

## Hatua ya 9: Ukiona mche wenye mabaka

Usiuguse. Weka kijiti cha alama, endelea na kazi mahali pengine, au acha kazi kwa siku hiyo kwenye mstari huo.

Kitaluni, toa mche huo pamoja na yote inayogusana nao, hata kama inaonekana mizima. Kama miche yenye dalili ni mitatu au zaidi kwenye trei moja, trei nzima iondoke. Shambani, katika wiki za mwanzo, ng'oa mgonjwa na jirani wa kila upande mstarini. Fanya jioni, kazi ya mwisho. Weka kwenye mfuko pale pale, usiburute mmea katikati ya mistari. Choma au fukia mbali na shamba, usitupe kwenye mboji. Kisha nawa, osha jembe, vua nguo za kazi.

Mimea ikishafunga matunda na wagonjwa ni wengi, kung'oa huenda kukaeneza zaidi kuliko kusaidia. Hapo tenga eneo, lifanyie kazi mwisho, vuna unachoweza kuuza, na usichukue mbegu hapo.

Utaambiwa kuna dawa. Hakuna dawa ya kunyunyizia inayoponya mmea wenye virusi. Dawa ya wadudu haisaidii batobato hii kwa sababu si wadudu wanaofyonza wanaoieneza. Busta itarudisha kijani kwa siku chache, na virusi vitabaki ndani. Fedha hiyo nunua sabuni, jiki na maziwa ya unga.

## Baada ya mavuno

Ng'oa mabaki yote pamoja na mizizi, choma. Kamba za kufungia zichomwe nazo, ni za bei ndogo. Miti ya kusimikia ikwanguliwe udongo na izamishwe kwenye jiki ya 1 kwa 5 kwa nusu saa, au itumike kwenye maharage badala ya kurudi kwenye nyanya.

Eneo lililougua lipande mahindi, vitunguu au maharage kwa miaka 2, huku nyanya za maotea, mnavu na ndulele zikiondolewa kila zinapochipua. Nyanya moja ya maotea katikati ya mahindi inatosha kuhifadhi ugonjwa, nayo huota palepale lilipoangukia tunda bovu, mahali ambapo mpaliliaji huiacha akisema itampa mboga.